Springi za Mjomba Tejinder

Redditch, Uingereza
3 Septemba 2007

Mpwa wangu Parminder,

Sat Sri Akal. Leo ni Jumatatu, na huu ni mwaka wa thelathini na tisa tangu niondoke Nakuru. Naanza na hesabu kwa sababu mzee asipoanza na hesabu huanza na magonjwa, na magonjwa nimeyatengea aya yake huko chini.

Huku sisi sote wazima, yaani mimi na paka wa jirani ambaye ameamua kwamba mimi ndiye mwenye paka. Mwanangu aliyeko Kanada alinipigia simu. Nilisikia nusu, nusu nyingine nikaikubali. Ndiyo maana naandika. Miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha springi, kando ya mashine za kukunja waya, ilinipa pensheni ikachukua masikio. Na naandika Kiswahili kwa sababu mwandiko wangu wa Kipunjabi, ule wa Kigurmukhi, uliwahi kusema unafanana na nyayo za kuku, na Kiingereza changu siku hizi ni cha kugombana na halmashauri ya mji kuhusu mapipa ya taka. Kiswahili ndiyo lugha pekee ambayo bado sijagombana na mtu nayo.

Mpe dada yangu salamu. Mwambie mti wake wa tufaha, ule aliouona kwenye picha, umezaa sana mwaka huu na matunda yote ni machungu.

Sasa barua yako. Kwamba unaolewa nilisoma mara mbili kwa furaha. Kwamba unaolewa na Vipul, mtoto wa Mgujarati wa duka la mbegu, nilisoma mara ya tatu nikitafuta kama umesema anakula nini. Mtu asiyegusa nyama atakaa vizuri kwenye meza ya mama yako, ila kwa wengine atachoka kueleza kwa nini hali.

Unaniomba nije tarehe 26 Januari, na nifike mapema ili nikuvishe bangili. Nalijua jambo hili. Ndugu wa mama ndiye huchovya zile bangili nyekundu kwenye maziwa na kumvisha bibi harusi, na mama yako hana ndugu mwingine ila mimi. Ungekuwa na mjomba wa pili aliye kijana na mwenye uti wa mgongo, ningemwachia kwa heshima.

Kwa maana mgongo wangu, Parminder, ndiyo ile aya niliyoiahidi. Ndege sina ubishi nayo. Ndege inapita hewani, na hewa haina mashimo mengi. Ubishi wangu ni safari kutoka Nairobi, kupita Longonot na Gilgil hadi Nakuru, kisha Rongai, kwa sababu nisipoiona nyumba ya Babuji, babu yako, nitakuwa nimekuja kufanya nini. Daktari ameniambia nisikae ndani ya gari linalorusha. Mimi ni mtu wa kumtii daktari, hasa anaposema ninachotaka kusikia.

Nifikirie kwa huruma.

Mjomba wako,
Tejinder


Nakuru
24 Septemba 2007

Mjomba mpendwa,

Sat Sri Akal na salamu nyingi kutoka kwetu. Mama ni mzima, ni goti tu linamsumbua asubuhi. Duka linaenda. Tangu Papa atuache nimejifunza spea zote za magari ya Kijapani, na sasa wateja wakiingia hawaulizi tena "mwenyewe yuko wapi?" Kampeni zimepamba moto, kutwa spika zinapita barabarani, tunapiga kelele ili kuuliziana kama chai iko tayari. Naona huku nasi tutakuwa na masikio kama yako.

Mjomba, barua yako niliisomea Mama kwa sauti. Nilipofika kwa mgongo alicheka mpaka akashika lile goti. Akasema, "Huo mgongo naujua. Ulikuwa unauma siku za kuteka maji." Kisha akaenda kupanga sahani ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nataka nikwambie kitu ambacho Mama hatakwambia. Wamama wa hekalu letu, gurdwara, wananiuliza kila Jumapili kama umekata tiketi. Hawaulizi kwa kupenda tiketi. Wanajua Vipul si wa kwetu, na wanajua kama ndugu wa mama hatakuja kuvisha bangili, watu watasema upande wa mama umekataa ndoa. Watasema taratibu, huku wakila sahani yangu, lakini watasema. Mama ataishi na maneno hayo hapa mjini maisha yake yote. Mimi nitazoea. Yeye hatazoea.

Kwa hiyo nimeangalia jambo la mgongo kama mwenye duka la spea. Shida si mgongo, shida ni gari. Mimi nina Subaru Impreza, rangi ya fedha, ile ya mbio. Niliinunua nikiwa na hasira ya mambo mengine. Mashoku yake yamekufa, ikipita kwenye tuta inaruka mara tatu kama mbuzi. Nataka kubadilisha saspensheni yote kabla hujafika. Nikuchukue uwanja wa ndege mwenyewe, na ukifika Nakuru useme hukujua kama tumeondoka.

Mzee Kipkirui atanisaidia. Unamkumbuka, mlikua naye kwenye gereji ya Babuji kule Rongai. Bado yuko nasi, na bado anamwita Mama "dada". Amenituma nikwambie hivi: gari litakuwa kama kitanda, na ukisema kitanda pia kinakuumiza, atakuja Nairobi na machela.

Nipe ushauri basi. Wewe ndiye mtu wa springi.

Parminder


Redditch
11 Oktoba 2007

Parminder wangu,

Salamu kwako, kwa dada yangu na kwa goti lake. Huku majani yameanza kuanguka, na jirani yangu anayapuliza yaje kwangu kwa mashine yenye sauti ambayo hata mimi naisikia. Paka anakohoa.

Barua yako imenifanyia jambo la aibu. Niliisoma asubuhi kwa uzito uliostahili, nikaahidi moyoni kufikiri juu ya wale wamama na juu ya dada yangu. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa kwenye kibanda changu cha nyuma, nimevaa koti la kazi nililostaafu nalo, nachora saspensheni ya Impreza nyuma ya kalenda. Kuna wazee wanaovutwa na maombi, na wengine wanavutwa na wanawake. Mimi mtu akiniandikia neno "springi" nasahau aya nyingine zote.

Usinunue mashoku ya kawaida. Nimekutafutia kifaa kinachoitwa koilova. Ni shokabzoba, yaani shoku yenyewe, na springi vilivyofungwa pamoja kuwa kitu kimoja, na mwili wake umechongwa meno kama skrubu kubwa. Juu ya meno hayo kuna kola ya chuma. Ukiizungusha kwa spana yenye umbo la mundu, kola inapanda na gari linapanda nayo. Ukiizungusha upande wa pili, gari linashuka. Kwa hiyo mtu anachagua mwenyewe gari lake litembee kwa urefu gani kutoka ardhini. Ni jambo zuri sana kuchagua.

Nimepata seti ya vinne kwa mtu wa hapa anayevunja magari ya mashindano. Springi zake ni za kilo nane, maana yake unahitaji uzito wa kilo nane kuminya springi milimita moja tu. Za gari lako za kiwandani hazifiki hata nne. Usiogope ugumu. Springi laini kwenye barabara nzuri humfanya mtu ayumbe, na kuyumba ndiko kunakoua mgongo.

Na barabara ile ni nzuri. Nimeipita kichwani jana usiku kabla ya usingizi, kama kawaida yangu, tangu Nakuru mjini hadi lango la Babuji. Lami nyeusi, bado inanuka. Pale inapoinuka unaliona shamba la ngano lote kwa mara moja. Kabla ya Rongai kuna kona moja tu ya kupunguza mwendo, nayo ni kwa sababu ya ng'ombe, ng'ombe wenyewe wana adabu. Tuta hakuna hata moja. Kwa barabara hiyo nimekupigia hesabu: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, mbele na nyuma, iwe sentimita thelathini na tatu. Mtu asibadilishe namba hiyo bila kuniuliza.

Ankita, binti wa rafiki yangu, anakuja Nairobi mwisho wa mwezi. Nimemwomba abebe koilova hizo kwenye sanduku lake. Alikubali kabla hajaziinua. Sasa ameacha nyumbani sari tatu na urafiki wetu uko mashakani.

Mwambie Kipkirui machela aiweke karibu.

Tejinder


Nakuru
19 Novemba 2007

Mjomba mpendwa,

Habari za huko? Hapa tunashukuru. Mama amemaliza kushona mito ya wageni, mmoja mkubwa wa kuweka nyuma ya mgongo wako. Mvua ya mwisho ilikuwa nzuri. Vipul anasema wakulima wa Rongai wamevuna mahindi mpaka magunia yameisha dukani kwao, na yeye anakusalimu. Alitaka kukuandikia mwenyewe. Nilimwambia angoje akuone uso kwa uso.

Koilova zimefika. Ankita naye amefika, lakini hataki kuzizungumzia.

Tulizifunga Jumamosi. Kipkirui aliondoa mashoku ya zamani, akaziweka hizi mezani akizizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Alifurahia zile kola. Halafu tukapima sentimita thelathini na tatu kama ulivyoandika, na gari ikakaa chini kabisa, tairi zimeingia ndani ya bodi. Kipkirui aliniuliza kama nimeisoma namba vizuri. Nikamwonyesha barua. Akauliza tena. Nikamwambia Mjomba amefanya kazi ya springi miaka ishirini na sita. Akafuta mikono yake pole pole, akasema, "Basi ni sisi hatuijui barabara."

Kutoka hapo gereji mpaka nyumbani iligusa chini, si sana. Barabara imebadilika kidogo tangu siku zako. Mimi naizoea, naipita kwa pembeni. Vijana wa mtaa wanaipenda sana, wakiiona wananiita "boss". Mama ameipanda mara moja kwenda sokoni, akarudi kwa miguu akasema alitaka kunyoosha goti.

Mjomba, gari iko tayari. Sasa naomba jambo moja tu kwenye barua yako ijayo, hata kama utaandika mengine mengi: utafika siku gani? Wamama wamenyamaza. Hilo ni baya kuliko kuuliza.

Parminder


Redditch
10 Desemba 2007

Parminder,

Salamu kwenu nyote. Kuna baridi, mifereji imeganda, na paka amehamia ndani rasmi.

Nimefikiri sana kuhusu ule mgusano wa chini. Kola za mbele zipandishwe mizunguko miwili, za nyuma mmoja na nusu, kisha uendeshe gari polepole ili springi zikae mahali pake kabla ya kupima upya. Shokabzoba juu yake ina kitufe cha kuzungusha. Kirudishe nyuma kabisa, kisha mbele kidogo kidogo hadi gari liache kuyumba. Kipkirui apake grisi kwenye meno ya kola, la sivyo vumbi la Nakuru litazifunga na hazitageuka tena. Nimechora picha, iko ndani ya bahasha hii. Nimechora na gari zima pia, ingawa haikuhitajika, na nimejaribu kukuchora wewe ndani yake. Ukiona mtu mwenye pua kubwa, ndiye wewe. Nisamehe.

Mwambie Vipul nimepokea salamu zake.

Mto wa mgongo ni wazo zuri la dada yangu. Alikuwa mshonaji mzuri hata utotoni.

Kuhusu tiketi nitaandika kando.

Tejinder


Redditch
28 Januari 2008

Parminder,

Nimepiga simu tangu Ijumaa. Inalia, au nadhani inalia, halafu inakatika. Kwenye televisheni wameonyesha fujo za baada ya uchaguzi, Nakuru na moshi, na nikaijua barabara moja kwa paa la kanisa tu.

Sina la springi leo. Niandikie neno moja, au mwambie mtu yeyote aniandikie. Kama dada yangu yuko mzima, na wewe, na Vipul, na Kipkirui, andika "wazima" na inatosha.

Jumamosi ilikuwa siku yako. Nilivaa suti.

Tejinder


Nakuru
5 Machi 2008

Mjomba,

Tu wazima. Nimeanza na hilo. Nilituma kadi yenye neno hilo moja mapema Februari. Kama haijafika basi iko njiani, na barua hii itaipita.

Mama ni mzima. Vipul na watu wake ni wazima, ila mlango wa duka lao ulivunjwa. Harusi tumeisogeza hadi Jumamosi ya tarehe 19 Aprili. Mji umetulia, watu wanasalimiana kwa sauti ya chini kama walioamka kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Nataka nikueleze siku tuliyompeleka Kipkirui. Mtaa anaokaa watu wa kwao ni wachache, na majirani wema walimwambia ukweli, kwamba usiku ule hawangeweza kumlinda. Alikuja kwetu alfajiri na mkewe na godoro. Alitaka kufika kwa mwanawe Rongai. Watu wa huku walikuwa wanakimbilia kule, na wa kule wanakimbilia huku, barabara ni hiyo hiyo moja. Lori la kukodi halikuwepo. Gari iliyokuwepo ni Impreza.

Tulienda watano, Vipul naye akiwemo. Mama alikataa kubaki peke yake. Godoro tulilifunga juu. Na uzito huo wote, Mjomba, gari ilikuwa inalima. Hiyo barabara unayoipita kichwani haipo. Sikukwambia kwa sababu nilidhani utaiona mwenyewe, na niliona haya kukusahihisha. Lami imekatika vipande, matuta hayahesabiki, na siku hiyo kulikuwa na mawe juu yake. Kila shimo lilipiga moja kwa moja mpaka kwenye meno. Mama alikuwa amekalia ule mto wako.

Karibu na Rongai tulikwama juu ya mawe ya kizuizi, tumbo la gari limekaa, magurudumu yanazunguka. Vijana wakatuzunguka na rungu. Sitakudanganya, niliogopa mpaka nikasahau majina yetu. Vipul ndiye aliyeshuka kwanza. Aliinama akaanza kutoa mawe kwa mikono yake, moja baada ya lingine, kama yuko shambani kwake. Kipkirui akateremsha kioo akazungumza nao kwa lugha yao, ambayo ni yake pia. Mmoja akachungulia chini ya gari akaniuliza, "Madam, hii gari ilikatwa miguu na nani?" Kipkirui akamwambia ni mzee mmoja wa Rongai aliyeko Uingereza. Wakacheka, Mjomba. Walicheka na rungu mkononi. Kisha wakaishika pande zote, wakaiinua na sisi ndani, wakaiweka upande wa pili.

Kwa mwanawe Kipkirui tulipokelewa vizuri. Kutoka pale tulipita kwa nyumba ya Babuji, Mama alitaka. Ni ghala la mahindi sasa, madirisha yamejengwa kwa matofali. Alishuka akasimama akishika kiuno kwa mikono miwili, akaiangalia gari, si nyumba. Akasema, "Hizi springi zimechaguliwa na mtu ambaye hatakaa kwenye gari hili."

Nimekaa na maneno hayo wiki tano. Mimi nauza spea, na najua mteja anayesema gari ni ya mgongo mbovu hauziwi kilo nane. Nilijua Novemba. Sikutaka kujua.

Kwa hiyo nakuuliza wazi, na unijibu wazi. Ni kwa sababu ya Vipul? Kama ni ndiyo, andika ndiyo, nitaolewa bila bangili na tutamtunza Mama kadiri tutakavyoweza. Lakini usinitumie tena mizunguko ya kola.

Parminder


Redditch
20 Machi 2008

Parminder mwanangu,

Kadi yako yenye neno moja ilifika jana. Barua yenye mengine yote ilifika leo asubuhi. Nimezisoma kwa mpangilio huo wa posta, nikafurahi kwanza, kisha nikaona haya. Mpangilio wenyewe haukuwa mbaya. Mtu akiona haya huku tumboni ana furaha, haya hayamuui.

Salamu kwa dada yangu. Mwambie bado ananijua, na kwamba hili silisemi kama lawama.

Najibu. Si Vipul. Kabla ya barua hii nilikuwa sina neno lolote dhidi yake, na baada ya barua hii, mtu aliyeshuka mbele ya rungu akatoa mawe kwa mikono yake ili dada yangu apite, mimi ndiye ninayepaswa kuuliza kama atanikubali mimi. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Nimeandika kwa Kipunjabi kwamba mimi, ndugu wa pekee wa mama yako Bhagwanti, nimeikubali ndoa hii na kumpokea Vipul kama mtoto wa nyumba yetu. Isomwe kwa sauti gurdwara Jumapili kabla ya harusi. Safari hii nyayo za kuku nimezichora kubwa, ili hata yule mama mwenye miwani minene asiseme hakuona.

Wala si fujo za Januari. Ningependa kuwa na sababu yenye heshima kama hiyo, na hapa Redditch watu wawili tayari wamenipa pole kwa kudhani ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshaamua tangu Septemba, mji ukiwa mtulivu. Mgongo unauma kweli, ila unauma kama wa mzee yeyote. Wenzangu wenye mgongo kama wangu wanakwenda India kila mwaka na kurudi wakilalamika chakula.

Springi je? Dada yangu ana akili sana, na ningefurahi kama ingekuwa hila, maana hila ingeonyesha ninajua ninachofanya. Haikuwa hila. Lilikuwa kosa, na la kitoto kwa mtu wa kazi yangu. Nilipima gari lako kwa barabara ya 1968. Kwenye lami ile kilo nane ni sawa kabisa, na sentimita thelathini na tatu hazigusi kitu. Nimerudia hesabu leo na iko sahihi hadi nukta. Ni barabara tu ambayo haipo. Kwa kosa hilo niliwakalisha watu watano juu ya mawe mbele ya rungu, na kwamba vijana walicheka hakunisafishi. Nisamehe wewe, na uniombee msamaha kwa Kipkirui na mkewe.

Na hapo hapo ndipo sababu ilipo, ukiitaka. Mama yako alibaki. Tuta la kwanza lilipojengwa alilipita, akalalamika, akazoea. Dirisha la kwanza lilipoanza kuzibwa kwa matofali labda aliambiwa siku ile ile. Kila kitu alikipoteza kidogo kidogo, kwa siku yake, kama watu wanavyopaswa kupoteza vitu. Mimi sijapoteza chochote. Ninayo barabara yote, pamoja na harufu yake, na ng'ombe wenye adabu. Nikishuka kwenye ndege nitavipoteza vyote kwa siku moja, kuanzia uwanjani hadi lango la Babuji, na nitakuwa na umri wa miaka sabini na moja, kwenye kiti cha mbele, nikikueleza wewe uliyezaliwa hapo kwamba hapa hapakuwa hivi. Ningekuharibia harusi kwa kuwasahihisha wenyeji. Najijua. Ningeanza na wale wamama.

Huu ni ubinafsi, nami sikupambi maneno juu yake. Kwa ubinafsi huo dada yangu alipanga sahani zilizokwisha kupangwa. Nitamwandikia yeye mwenyewe, kwa lugha yetu, na majibu yake nitayastahimili.

Bangili nilizinunua Birmingham mwezi wa Oktoba, siku ile ile nilipolipia koilova. Nyekundu na nyeupe, kipimo nilimuuliza mama yako kwa barua bila wewe kujua. Zinakuja kwa mkono wa Ankita, anayesafiri tena huko, ambaye amekubali baada ya kuziinua kwanza. Mtu wa kukuvisha awe Kipkirui. Wamama watashangaa, waache washangae. Yule anayevisha bangili husimama kwa niaba ya nyumba alikotoka mama wa bibi harusi. Mimi nyumba hiyo niliiacha. Kipkirui alilala ndani yake, alikula ndani yake, alimzika Babuji mimi nikiwa kwenye mashine, na hadi leo anamwita dada yangu "dada" bila kuulizwa. Mweleze tu kwamba maziwa yawe baridi kidogo, na asikusukumie kwa nguvu, kifundo cha mkono ni laini kuliko bushi ya gari.

Koilova zitoe. Mwuzie kijana yeyote anayekuita boss, afurahi nazo mjini. Weka mashoku ya kawaida na springi za kiwandani, gari lipande lilivyokuwa, na siku ya harusi dada yangu akae kiti cha mbele.

Nakubariki wewe na Vipul, kwa mikono yote miwili, kutoka hapa nilipo.

Sitarudi.

Tejinder